Mkono wa Kumuozesha Mwanapili

Sokomuhogo,
Unguja Mjini.
5 Desemba 1971

Kaka yangu Jecha,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mbali, nikitumai barua hii itakukuta mzima, kile kifua kilichokusumbua baridi ya mwaka jana kimepoa, na umeshapata viatu vya kukanyagia theluji kama ulivyosema unavitaka. Ukitaka kujua hali zetu, sisi tu wazima kwa maana ya kuwa tunapumua na tunakula kinachopatikana. Dada Mwanapili hajambo. Mimi sijambo. Nyumba nayo haijambo, ila dari ya chumba chako imeanza kumwaga chokaa na nimeweka ndoo. Bi. Mashavu wa chini anakusalimu sana, na kila wiki huniuliza kama ni kweli huko Leipzig watu wanakula viazi asubuhi na jioni. Nilipomwambia ni kweli alisema basi si sisi peke yetu, akachukua kikapu chake akaenda kupanga foleni ya mchele.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa mkunga mmoja anayekuja huko kusoma, mtu wa kuaminika, kwa kuwa yamo mambo ambayo nataka yasomwe na macho mawili tu, yako.

Barua yako niliipata mwanzo wa Ramadhani, na nakiri ilinichekesha kabla ya kuniudhi. Unasema umesikia kwa wenzako waliokuja likizo kwamba nimekuwa mtu wa darsa, nakaa mbele kabisa kwa Maalim Borafya kila siku baina ya magharibi na isha, nabishana habari za talaka na eda mpaka wazee wananiita Shekhe Simai. Unasema hukuamini, kwa sababu ni wewe uliyekaa na mimi juu ya paa la nyumba hii ukanieleza kwa nini umeacha kusali, na ni mimi niliyekujibu kuwa nami nimeacha. Kisha ukaniandikia kuwa mtu aliyeacha tumbaku hakai dukani kwa muuza tumbaku. Ukataka kujua nimerudi, au nawachezea shere watu wazima.

Sikurudi. Wala simchezei mtu. Nitakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaniandikia moja ya zile barua zako za kunifunza.

Bakar humsahau, shemeji yetu, kwani ulikuwepo ule mwezi wa Februari mwaka 1964 alipopanda ngalawa pwani ya Bumbwini na wenziwe wanne, wakashika njia ya Pangani. Alimuaga Mwanapili kwa kumwambia atamwita akishapata pa kukaa. Ulikwenda mwenyewe Pangani kuuliza kabla hujasafiri, na mimi nikauliza Tanga na Bagamoyo. Katika wale watano hakuonekana hata mmoja, si hai wala maiti. Mama alikaa juu ya msala wake mpaka magoti yakamvimba, na wewe ukasema dua zingekuwa zinafika pahali basi zake zingefika. Neno lile ndilo lililonitoa mimi. Wewe ulitoka kwa vitabu vyako, mimi nilitoka kwa Bakar na magoti ya Mama.

Ukaondoka. Mwaka uliofuata Mama akafa, na unajua kuwa baba hakuacha ndugu mwanamume. Tukabaki wawili ndani ya nyumba hii, mimi na cherehani za watu ninazozitengeneza, na Dada na uzi wake.

Yeye hakutoka, Kaka. Hilo hatukulifikiri sisi wawili juu ya paa lile. Tulizungumza habari zetu kana kwamba kila mtu ana mlango wake. Mwanapili anasali sala zake zote na sunna juu yake, na siku moja alikwenda kwa mke wa Maalim kuuliza jambo moja tu: yeye ni mke au ni mjane? Jibu lilirudi siku ya pili. Yeye ni mke. Mume aliyepotea anahesabiwa yuhai mpaka ijulikane kwa yakini kuwa amekufa, au mpaka upite umri ambao wenzake wa rika lake watakuwa wamekwisha. Alinieleza hayo huku anakata bamia, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia mafuta ya taa yamekwisha. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Nilihesabu rika la Bakar watakufa lini, nikaona atakuwa bibi asiye na meno.

Basi kesho yake nilikwenda darsani. Nilikwenda kugombana, sikufichi. Nilitaka nimpate mtu wa kumchukia. Bahati yangu mbaya nikamkuta Maalim Borafya, ambaye hukasiriki naye hata ukitaka. Ni mtu mwembamba, anakohoa, na akikosea ukurasa hucheka mwenyewe kabla hujamcheka. Niliuliza swali langu kwa ukali. Akalisikiliza mpaka mwisho, akasema ni swali la haki, akaniambia kauli ya madhehebu yetu na sababu zake, kisha akasema zipo kauli nyingine, na kwamba nikitaka kuzijua nije tena.

Nikaja tena. Nikaja miaka minne.

Unaniuliza asiyeamini anatafuta nini katika mazungumzo ya dini. Jibu la kwanza ni hilo: kama dada yako amefungiwa ndani ya duka la muuza tumbaku, utakwenda kukaa dukani, na utajifunza majina ya tumbaku zote mpaka ujue ufunguo unawekwa wapi. Mimi naweza kuiona sheria ile si kitu. Dada hawezi, na yeye ndiye anayeishi chini yake. Ningemwambia aolewe tu na asijali, ningekuwa namwambia mtu asiyejua kuogelea aruke.

Na lipo jambo jingine, ambalo wewe huko huwezi kulijua. Wale wenye imani walikuwa wanaogopa kuuliza. Mzee Hija, unamkumbuka, yule mshona viatu wa Mkunazini, binti yake Mize mumewe aliondoka mwaka ule ule na hakurudi. Mzee Hija alikaa pembeni yangu muda wote huo na hakupata kufungua mdomo. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akaniambia anachelea kuwa swali lenyewe ni upungufu wa subira. Mimi sikuwa na cha kuchelea. Kwa hivyo nikawa nauliza kwa niaba yangu na yake, naye akawa ananisogezea mto nikalie.

Jibu la tatu litakuudhi. Nilipenda. Siku hizi ukikaa barazani watu wanazungumza mpira na bei ya pweza, na akipita mtu wasiyemjua wanazungumza mpira peke yake. Mle darsani tu ndimo nilimoweza kusema kwa nini, nikajibiwa kwa sababu, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Nikajua nani kasema nini, nani kampinga, na kwa hoja gani. Wazee wakaona mtu anayeuliza hivi lazima moyo wake unawaka kwa dini. Kosa hilo lingefanyika kwetu tu, Kaka, la kudhani kwamba mbishi ndiye mcha Mungu. Maalim mwenyewe alisema mbele ya watu kuwa akifa anataka kiti chake nikikalie mimi, nami nikatazama mkeka.

Kila nikirudi Dada alikuwa ananingoja na chai, akiniuliza wamesema nini leo. Nilimhadithia yote kama yalivyosemwa, hata yaliyokuwa dhidi yake, kwa kuwa nilimuahidi sitamletea jibu la kutunga. Jioni moja darsa ilikuwa juu ya walii, yule msimamizi anayemtia mwanamke mkononi mwa mume siku ya ndoa. Maalim alitaja sharti zake: awe mwanamume, mwenye akili timamu, na awe Mwislamu. Asiyekuwa Mwislamu hawezi kumuozesha Mwislamu, hata wawe wa tumbo moja. Wala hawezi kumpa mtu mwingine uwakala afanye badala yake, kwani asiye na kitu hatoi. Nilirudi nikamueleza Dada yote hayo, huku najichekea kimoyomoyo. Alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna, akanitazama, kisha akaendelea.

Sasa nikuletee habari ya Makungu. Huyu ni mwoka mikate wa Vikokotoni, mjane, hana mtoto. Alileta kwangu cherehani ya marehemu mkewe nimtengenezee apate kuiuza. Dada alikuwa amekaa nyuma ya pazia anatia vifungo, akamwambia kutoka huko huko kuwa cherehani ya marehemu haiuzwi, inaazimwa kwa mwenye kujua kuitumia. Makungu akacheka, akaiacha. Tangu siku ile ikawa anakuja kuitazama hali yake. Cherehani ile iliharibika mara nyingi kuliko cherehani yoyote niliyopata kuishika, na kila ikiharibika, tulikula mkate wa moto. Hakuvuka mpaka hata siku moja. Aliniambia waziwazi kuwa atangoja sheria iseme.

Na sheria ikasema, Kaka. Mwaka jana mwishoni Maalim alifunga kitabu mbele ya watu akasema Simai amemchosha, na kwamba hakuna ubaya kuifuata kauli ya Maliki pale penye dhiki: mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya mjane, kisha awe huru. Alinichukua yeye mwenyewe mpaka kwa kadhi, na Mzee Hija akaja nyuma yetu na kesi ya binti yake. Kadhi alitusikiliza, akauliza tumetafuta wapi na wapi, na mwishoni mwa Aprili mwaka huu akahukumu. Mwanapili na Mize wakakaa eda zao, miezi minne na siku kumi, kila mmoja nyumbani kwao. Dada alimlilia Bakar kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo hakuwa na ruhusa ya kulia.

Siku aliyotoka eda alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya niliyomnunulia, akanambia nikae nile. Alikuwa anaimba jikoni. Nilikaa na sahani yangu na nikajiona mtu mkubwa. Nilisema moyoni kwamba mimi, nisiyeamini hata herufi moja, nimeufungua mlango ambao waumini waliulalia miaka saba. Hiyo ndiyo furaha yangu yote, nakuandikia uione, kwa sababu haikumaliza mwezi.

Mwezi wa Shaabani Maalim alikuja nyumbani kupanga mambo. Alisema ndoa iwe Ijumaa ya kwanza ya Mfunguo Mosi, baada ya Idd, na kwamba kwa vile wewe uko ng'ambo, mimi ndiye walii, nitamshika Makungu mkono nimuozeshe dada yangu. Alisema atafurahi kuona mwanafunzi wake anafanya jambo lile. Alipoondoka, Dada alikusanya vikombe, akakaa mbele yangu, akaniambia haolewi.

Nilidhani anaona haya. Akanambia si haya. Akanikumbusha Ramadhani moja, miaka mitatu nyuma, alipoingia kiwandani kwangu mchana akanikuta nyuma ya mashine ninakula muhogo. Nilikuwa naikumbuka. Siku ile alichukua kawa akafunika sahani yangu, akarudishia mlango watu wasione. Mimi nilijidanganya kuwa alidhani naumwa. Kumbe alijua tangu siku ile, na kabla yake alikuwa anashuku. Miaka mitatu alinisikiliza nikimletea kauli za maimamu akijua aliyezibeba hazimo moyoni mwake.

Nilimuuliza basi kwa nini aliikubali hukumu niliyoitafuta mimi. Akasema hukumu ni ya kadhi, na kadhi anaamini. Lakini mkono utakaoshika mkono wa Makungu ni wangu. Nikamwambia Maalim amefundisha mara nyingi kuwa binadamu huhukumu dhahiri, ya ndani ni ya Mungu, na dhahiri yangu ni ya mtu anayesali safu ya mbele. Akanijibu kwa upole kuwa dhahiri ni ya wasiojua. Yeye anajua. Kila atakapolala na mumewe atajua, na akipata mtoto atajua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu, lakini mimi nilichimba akaingia dada yangu.

Nikafanya jambo ambalo ukilisoma utacheka. Nikapiga magoti pale pale mbele ya vikombe nikatoa shahada, herufi kwa herufi, kama alivyotufunza Mama. Dada alingoja nimalize. Akanambia, "Simai, hiyo umeitoa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yangu?" Ningeweza kusema kwa ajili ya Mungu. Neno moja lile, na leo angekuwa nyumbani kwa Makungu. Nikasema, "Kwa ajili yako." Akaniinua kwa mkono, akanifuta vumbi la magotini, akasema ahsante, lakini haiendi hivyo.

Nikamwambia basi nitakwenda nikaseme mwenyewe, mbele ya darsa nzima, kuwa mimi simo. Hapo, nawe uko ng'ambo, mwanamke huwa hana walii, na kadhi anasimama badala yake. Hiyo pia ni sheria, niliijua vizuri. Ni mara moja tu katika mambo yote haya aliponipandishia sauti. Alisema nikifanya hivyo sitapata wa kuniosha wala wa kunisalia nikifa, na Maalim aliyeniahidi kiti chake ataumia mpaka kaburini, na yeye Mwanapili hataolewa kwa njia ya kumuuza ndugu yake. Alisema siku nitakayosema ndiyo siku atakayorudi Chwaka kwa watu wa Mama, na hatavua kaniki ya ujane.

Na mimi nilitii. Niandike ilivyo: nilitii upesi kuliko inavyofaa. Jioni moja niliinua mkono darsani nikiwa nimeshaazimia kusema. Maalim akaniambia, "Haya, Simai." Wote wakanigeukia, Mzee Hija akatabasamu. Nikauliza kama damu ya meno inatengua udhu.

Kisha Dada akauliza habari zako. Ilikuwa siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Alisema wewe ndiye mkubwa wetu, walii wake wa haki ni wewe kabla yangu, na hata uwe mbali unaweza kuandika barua ya kumpa Maalim uwakala. Uso wake ulikuwa umenawiri, maana alifikiri amepata njia. Akaniuliza, "Kaka Jecha bado anasali?"

Kaka, alikuwa hajui. Miaka yote hiyo alidhani ni mimi peke yangu niliyepotea, kwa kukaa bila mkubwa wa kunichunga. Picha yako iko juu ya meza yake, ile uliyopiga na koti. Nilijua nikisema ndiyo, utaandika ile barua bila hata kufikiri, utacheka na kuitia saini, na yeye ataolewa kwa moyo safi. Nilikuwa nimebishana miaka minne kwa maneno nisiyoyaamini na sikuona taabu. Neno moja hili lilinikwama. Labda kwa sababu nilimuahidi sitamletea jibu la kutunga, na hicho ndicho kitu pekee kilichobaki kwangu cha kuitwa dini. Sikusema ndiyo wala sikusema siyo. Nilitazama ndoo iliyo chini ya dari yako. Akasema, "Basi," akaenda kuchukua udhu.

Lakini siri yangu yenyewe si hiyo, na ndiyo iliyonifanya nimtafute mkunga badala ya posta. Ramadhani hii nilijaribu kurudi. Si kwa kujionyesha. Nilifunga yote, mchana ule ule ambao zamani nilikuwa nakula muhogo. Nilisali tarawehe zote, na watu walipotoka nikawa nabaki. Nilimwomba huyo ambaye simuamini anipe japo kiasi cha kumuozeshea dada yangu, kisha akitaka akichukue tena. Nilibisha hodi kwa unyenyekevu, Kaka, nilibisha mpaka nikaona haya. Sikusikia kitu. Niliisikia pumzi yangu na saa ya msikitini. Nakuambia haya kwa sababu ulikuwa unasema sisi tumekuwa huru. Mimi nimejaribu mlango kwa nje na haufunguki, na mtu wa namna hiyo sijui kama anaitwa huru.

Dada alimuaga Makungu mwenyewe, siku ya pili ya Idd, kwa nyuma ya pazia lile lile. Hakumpa sababu. Makungu alifahamu kuwa bado moyo wake uko kwa Bakar, akasema anamheshimu kwa hilo, akaondoka. Cherehani ameiacha. Mji mzima umefahamu kama yeye, na sasa wanawake wanamtolea mfano Mwanapili kwa binti zao, kwamba sheria ilimwachia na yeye akachagua kungoja. Hata Maalim aliitaja habari hiyo darsani, na nikalazimika kukaa na kusikiliza dada yangu akisifiwa kwa subira.

Juzi Ijumaa Makungu ameoa. Ameoa Mize, binti wa Mzee Hija. Nilikuwepo, nilikula halua na nikanywa kahawa. Mzee Hija alimshika Makungu mkono akamuozesha binti yake, kisha akanikumbatia mbele ya watu, machozi yanamtoka. Alisema swali langu ndilo lililomfungua mwanawe, na kwamba Mungu atanilipa.

Kwa hiyo ukiulizwa tena huko asiyeamini anakwenda darsani kufanya nini, huna haja ya kuwaza sana. Jana pia nilikwenda. Sina tena ninachokitafuta mle, ufunguo nimeshauona na hauingii mkononi mwangu. Nakwenda kwa sababu nikirudi bado ananiwekea chai na kuniuliza wamesema nini leo, na kwa sababu nyumba hii haina mazungumzo mengine. Sijui nikiacha tutazungumza nini.

Usimwandikie kuwa umerudi ikiwa hukurudi. Atajua, kama alivyojua kwangu. Na kama umebakiwa na chochote, hata kidogo ambacho unaona aibu kuwaambia wenzako, niandikie mimi kwanza. Lakini simuoni Makungu mwingine anayekuja, na wala sikutegemei. Nakujua.

Nimalizie hapa, mkunga anaondoka kesho na meli ya asubuhi. Wasalimie rafiki zako wote. Bi. Mashavu anasema viazi vikizidi umletee. Usikae na soksi mbichi, kifua chako hakipendi. Dari nitaitia chokaa nikiipata.

Dada Mwanapili anakusalimu salamu nyingi. Nilimuuliza kama ana la kukuandikia, akasema nikwambie kuwa hana kinyongo, na kwamba kila baada ya sala anatuombea sisi wawili turudi. Zamani alikuwa akimngoja mtu mmoja. Sasa anangoja wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Simai